Nina aibu sana na niko mwaka wa kwanza chuoni: niahirishe masomo?

*Swali: Shikamoo Daktari. Nina miaka 20, natokea Kasulu, niko mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Tangu utotoni mimi ni mtu wa aibu, ila shuleni nilikuwa na marafiki zangu watatu na maisha yalikwenda. Hapa ni wiki ya tisa na sina hata mmoja. Chumbani tupo wanne. Wenzangu wakirudi jioni najifanya nimelala. Chakula nanunua nakuja kula kitandani, mgahawani naona kila mtu ananiangalia. Mama alinipa dagaa kilo nzima, sijawahi kuwapika, naogopa watasema chumba kinanuka. Mwezi uliopita kwenye semina niliulizwa swali, sauti ikatetemeka, Kiingereza kikaniishia, watu wawili wakacheka. Tangu siku hiyo nimekosa semina tatu, na mahudhurio yanahesabiwa. Wiki mbili zijazo kikundi chetu kinawasilisha kazi na kila mtu lazima aongee. Nimeshachukua fomu ya kuahirisha mwaka. Shangazi yangu anaishi Chanika, anasema nihamie kwake. Naomba uniambie ukweli: mtu kama mimi chuo kinamfaa? Na hii aibu ni ugonjwa?*

Marahaba, mwanangu. Chuo kinakufaa. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu naona swali lenyewe umeliuliza kama mtu aliyekwisha kujijibu hapana, na fomu iko mkononi. Msichana aliyetoka Kasulu, akafaulu kidato cha sita na kupata nafasi chuo kikuu, hakufika hapo kwa kubahatisha, na aibu yake haikumzuia kufika. Kilichokupata ndani ya wiki hizi tisa kina maelezo, na sehemu kubwa ya maelezo hayo haihusu tabia yako hata kidogo.

Niruhusu niifumue barua yako. Umeandika neno moja, aibu, lakini naona mambo matatu. Kuna upole wako wa kuzaliwa, ule uliokuwa nao hata siku zile ulipokuwa na marafiki watatu. Kuna upweke, ambao umeanzia hapa Dar. Na kuna hofu ya semina, ambayo ina siku yake ya kuzaliwa: ile waliyocheka wale wawili. Ukiyabeba yote kwa pamoja lazima yakuelemee, na ndipo unapojiuliza kama ni mgonjwa. Ukiyatenganisha, la kwanza halihitaji tiba, la pili linahitaji muda na mpangilio, la tatu ndilo la kushughulikia wiki hii.

Kuhusu upole sina mengi. Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa waangalifu mbele ya watu wageni. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Harvard aliwafuatilia watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi tangu wakiwa wachanga, na ilionekana kwamba wengi hulainika wanavyokua, ingawa ile asili haifutiki yote. Malezi yetu nayo yaliongeza. Binti asiyejibujibu, anayeinamisha macho mbele ya wakubwa, ndiye aliyesifiwa nyumbani na mtaani. Umepongezwa kwa kunyamaza maisha yako yote, halafu ghafla umekaa mbele ya mhadhiri anayetoa alama kwa anayenyoosha mkono. Wiki tisa ni chache mno kwa mageuzi ya namna hiyo. Wala sikuambii uchangamke. Wanaokwambia "changamka bwana" wanakuomba uwe mtu mwingine, na hilo halitakiwi ili umalize digrii yako wala ili upate marafiki.

Sasa upweke. Wale watatu wa shuleni uliwapataje? Sidhani kama uliwahi kumfuata mmoja ukamwambia tuwe marafiki. Mlipangwa bweni moja, mkakaa madawati ya karibu, mkapiga foleni moja ya ugali na maharage, mkaingia prepo pamoja kila usiku kwa miaka miwili. Ratiba ndiyo iliyokutafutia marafiki, na wewe hukuona kazi iliyofanyika. Chuoni ratiba hiyo haipo. Saa 2 asubuhi uko kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa, saa 5 uko kwenye kozi nyingine na sura nyingine, katikati kuna saa mbili tupu ambazo hakuna kengele wala patroni wa kukuambia uende wapi. Mchangamfu anaziba pengo hilo kwa mdomo wake. Mpole anabaki nalo. Hujaharibika, mwanangu, umeondolewa mpangilio uliokuwa unakusaidia bila wewe kujua.

Na wale unaowaona wakicheka kwa makundi pale nje ya madarasa, usijilinganishe nao haraka. Wengi walikuja wakijuana tayari: walisoma shule moja, walikuwa kambi moja ya JKT, au wametoka mtaa mmoja. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili watoke kwenye kujuana tu waingie kwenye urafiki wa kawaida, na saa zaidi ya 200 ili wawe marafiki wa karibu. Hesabu saa ulizokaa na mtu yeyote hapo chuoni mkiwa macho wote wawili, ukiacha zile ulizojifanya umelala. Zinaweza zisifike tano. Basi hakuna cha kushangaza kuwa huna rafiki. Bado hazijapatikana saa za kumpata.

Kwa hiyo kazi yako ni kuurudisha ule mpangilio kwa mkono wako mwenyewe. Kaa sehemu ileile ya ukumbi kila kipindi, safu ileile, ikiwezekana kiti kilekile. Nenda maktaba siku zilezile, meza ileile. Kula mchana kwa mama lishe mmoja, saa ileile. Unaweza kuona ni kitu kidogo mno. Mwaka 1992 watafiti Moreland na Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwatuma wasichana wanne wanaolingana kwa mwonekano waende kwenye darasa moja kubwa. Mmoja hakuhudhuria kabisa, mwingine alihudhuria mara 5, mwingine mara 10, wa mwisho mara 15. Waliingia, wakakaa, wakatoka, bila kuzungumza na yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao, na kwa jumla aliyehudhuria zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Hakuwa amesema neno. Sura iliyozoeleka huanza kupendeza yenyewe, na hiyo ni habari njema sana kwa mtu asiyependa kuongea. Wiki ya pili au ya tatu ya kukaa pale pale, jirani yako ataanza kukuuliza mhadhiri amesema jaribio ni lini. Ukimjibu na kumuuliza anatoka kozi gani, umeanza.

Kitu kingine kinachowasaidia sana wapole ni kuwa na kazi. Kijana mmoja niliyemshauri, wa uhandisi, alikuwa hawezi kusimama katikati ya watu akapiga soga. Kiongozi wa darasa akamwomba awe anatoa kopi za karatasi za mitihani ya zamani. Akawa anasimama mlangoni mwa stesheneri na lundo la karatasi kifuani, anapokea shilingi mia mia, anaandika majina ya waliolipa nyuma ya bahasha. Kila mtu alilazimika kumfuata yeye. Mwisho wa mwaka darasa zima lilijua jina lake, na alikuwa bado mpole vilevile. Omba kazi kama hiyo: kukusanya majina ya kikundi, kupanga viti kwenye jumuiya yako ya dini, kushika daftari la michango. Jumuiya za dini chuoni, za Kikristo na za Kiislamu, ni mahali pazuri kwa mwanzo huu kama wewe ni mtu wa ibada, kwa sababu mnakutana siku ileile kila wiki na kila mgeni hupewa la kufanya. Ukijikuta umefika mahali wanakukataza kuchanganyika na wengine, ondoka.

Tuje chumbani kwako, maana hapo ndipo ninapoona jambo usiloliona wewe. Unajifanya umelala ili usiwasumbue na wasikuone. Sasa simama upande wao. Wanaingia saa 3 usiku wakiwa na chipsi zao, mwenzao amegeukia ukutani, spika za simu masikioni, hajawahi kuwaambia hata habari za kutwa. Watasema ana aibu? Watasema anaringa, au hatupendi. Kisha nao wanaanza kukuepuka, wewe unaona wanakuepuka, unazidi kugeukia ukutani. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Kinachovunja mzunguko huo ni sentensi moja, na uiseme kwa mmoja tu, yule unayemwona mtulivu zaidi, mkiwa wawili: "Mimi ni mtu wa aibu, huwa nachelewa kuzoea watu, msidhani naringa." Nimewaona wasichana wengi wakiisema sentensi hiyo kwa shida, na mara nyingi jibu walilopata lilikuwa "Kumbe! Na sisi tulikuwa tunakuogopa."

Na wale dagaa, wapike. Dagaa wa Kigoma hapa Dar watu wanawatafuta sokoni kwa bei, na wewe unao kilo moja chini ya kitanda. Uliza kwanza kwenye hosteli yenu panapikiwa wapi, mwambie mmoja akusaidie kukata nyanya, na mle sinia moja. Mkiwa na kitu cha kufanya kwa mikono, mdomo hauhangaiki kutafuta la kusema.

Sasa hofu ya semina, ambayo nataka uielewe vizuri kwa sababu ukishaielewa hutaiogopa kama unavyoiogopa leo. Ulipoulizwa swali, mwili wako ulichukulia macho ya watu kama hatari. Ukamwaga homoni ya adrenalini: moyo ukakimbia, mdomo ukakauka, misuli ya koo ikakaza, sauti ikatetemeka. Hali hiyo hupanda haraka, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe ndani ya dakika chache kama mtu atabaki pale. Tatizo ni kwamba wengi hawabaki. Ukikimbia ikiwa kileleni, au usipokwenda kabisa, unapata nafuu ya papo hapo, na ubongo unajifunza somo baya: kumbe kilichoniokoa ni kutokwenda. Kila semina uliyoikosa imeifanya inayofuata iwe kubwa zaidi. Hiyo ndiyo sababu sasa hivi unaogopa kuliko ulivyoogopa siku ile ya tukio lenyewe.

Tena wakati wa hofu macho yako yanageuka ndani. Unaanza kujisikiliza: sauti inatetemeka, uso unawaka, wameona. Kwa kuwa wewe unakisikia kila kitu, unaamini na wao wamekiona chote. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, akiwemo Thomas Gilovich, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea haya, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona picha ile. Walioiona hasa walikuwa kama robo. Ndivyo ilivyo mgahawani pale unapoona kila mtu anakuangalia. Wanaangalia sahani zao, simu zao, na wengi wanajiuliza wao wenyewe wanaonekanaje. Hao wawili waliocheka siwezi kukuambia walikuwa wanacheka nini. Ninachojua ni kwamba waliobaki hawakucheka, na wewe hukuwahesabu.

Kuhusu Kiingereza, usikichanganye na aibu. Tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukabadilishiwa lugha, na wengi waliomo kwenye semina yenu ndiyo safari yao hiyohiyo. Wachache waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea ndio wanaosikika zaidi wiki za mwanzo, ukadhani ni chumba kizima. Kiingereza kinataka mazoezi ya mdomo: soma kwa sauti ukurasa mmoja wa kitini chako kila siku, na uwe na sentensi moja uliyoikariri ya kuomba muda kidogo wa kufikiri, ili ukiulizwa usibaki mtupu. Tumia sentensi fupi. Mhadhiri anatafuta kama umeelewa hoja.

Basi fanya hivi. Kesho au keshokutwa nenda ofisini kwa anayeendesha semina, katika saa zake za kuonana na wanafunzi. Huko ni watu wawili tu, si arobaini. Mwambie umekosa vipindi vitatu kwa sababu uliingiwa na hofu baada ya kuulizwa swali, na unataka kurudi. Usimdanganye kwamba uliumwa. Wahadhiri huyasikia haya kila mwaka, na hata kama huyu ni mkali, utajua mapema mahudhurio yako yamesimama wapi. Semina inayofuata ingia, hata usipofungua mdomo. Lengo la siku hiyo ni kubaki mpaka mwisho. Ile inayofuata, jaribu kusema jambo moja uliloliandaa nyumbani, ndani ya dakika kumi za kwanza, kwa kuwa kusubiri ndiko kunakoikuza hofu.

Kwa ajili ya kuwasilisha, omba kikundi kikupe sehemu ya ufunguzi. Najua umeshtuka. Lakini anayefungua hasubiri, maneno yake yanajulikana kabla, na hakuna aliyeuliza swali bado. Andika sentensi tatu za mwanzo kwenye kadi, usikariri hotuba nzima, maana neno moja likipotea yote hupotea. Siku mbili kabla, nenda na mwenzako mmoja kwenye chumba chenyewe jioni kikiwa kitupu, simama pale mbele, useme kwa sauti mara kadhaa. Na kumbuka hili siku yenyewe. Savitsky na Gilovich, katika utafiti wa mwaka 2003, waliwaambia baadhi ya wanafunzi, kabla hawajahutubia, kwamba wasikilizaji hawawezi kuiona hofu yao kama wao wanavyoihisi. Waliopewa taarifa hiyo walihutubia vizuri zaidi ya wasiopewa, na wasikilizaji nao waliona tofauti. Taarifa tu. Sauti ikitetemeka endelea nayo. Sentensi ya nne au ya tano itakuwa imetulia.

Nigusie mambo mawili haraka. Ukiambiwa bia moja itakutoa aibu, itakutoa kwa saa mbili, na kesho yake hofu inakurudia huku ukiwa umejifunza kwamba bila bia huwezi. La pili, msichana mpya, mpole, asiye na rafiki, huonekana kwa mbali, na atatokea kaka wa mwaka wa tatu mwenye maneno matamu. Huenda ni mtu mwema. Ila mtu mwenye upweke huona kila anayemjali ni mpenzi, kwa hiyo usimkubalie yeyote mpaka uwe na japo rafiki mmoja wa kike wa kumhadithia.

Sasa maamuzi yako. Kuhamia Chanika kuna faida zake za kweli: chakula cha nyumbani, mtu wa kukuita jina, pengine unaokoa pesa. Lakini utakuwa unatumia saa nyingi kila siku kwenye daladala, utawahi kuondoka chuoni kabla ya makundi ya kusoma kuanza, na zile saa 50 hutazipata kamwe. Mimi ningekushauri uende kwa shangazi Ijumaa jioni urudi Jumapili, si kila wiki. Kuahirisha mwaka nakuona kama njia halali kwa mtu aliye mgonjwa, aliyefiwa, au ambaye hali yake imefika mahali hawezi kusoma kabisa. Kwa hofu ya semina peke yake, hapana: utakaa Kasulu mwaka mzima, na ubongo utahesabu mwaka huo kuwa ni kukimbia kumoja kurefu, kisha utarudi kuwa mwaka wa kwanza tena na watu wapya tena. Tena kama unasoma kwa mkopo, usisaini chochote kabla hujamwona afisa mikopo wa chuo akueleze mkopo wako utakuwaje. Nakushauri uvuke kazi ya kikundi na umalize muhula huu, ndipo uamue.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Kwa barua hii peke yake siwezi kukupima. Aibu ya kawaida hukuumiza lakini unaenda. Inakuwa hofu ya kijamii, ambayo ni ugonjwa unaotambulika na unaotibika, pale hofu hiyo inapodumu miezi sita au zaidi na kukuzuia kuishi: unaacha mitihani, huwezi kula mbele ya mtu yeyote, unalala njaa ili usitoke. Wewe umeanza kukosa semina na kujificha kula, kwa hiyo sitaki usubiri miezi hiyo ifike. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi uulize wanasihi wa chuo. Ni huduma ya wanafunzi, na unayoyasema humo hayapelekwi kwa wahadhiri wako. Ukiona aibu kuanza kueleza, mpe barua hii uliyoniandikia aisome. Umeiandika vizuri sana. Ikiwa mnasihi ataona inahitajika zaidi, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa hapa Dar zina kliniki zake. Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, vikao kadhaa vya kujifunza kuikabili hofu hatua kwa hatua, na wakati mwingine daktari huongeza dawa.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri miadi. Ukijikuta kwa wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, unalia kila siku, usingizi umekata, au wazo la kwamba bora usingekuwepo limekujia hata mara moja, mwambie mtu siku hiyohiyo: mwenzako wa chumbani, shangazi, mlezi wa hosteli, na muende pamoja hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Nitafurahi ukiniandikia baada ya siku ya kuwasilisha. Niambie ulikaa kiti gani, na nani alikuwa jirani yako.